Bodi ikifa saa nane usiku, hita yako itabaki imewaka au imezimwa?

SWALI: Nafuga samaki wanne wadogo na matumbawe laini kwenye mfumo wa maji ya chumvi wenye jumla ya lita 200: tangi la kioo juu, tangi la kuchujia chini yake. Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo nimeamua kujitengenezea kidhibiti badala ya kununua. Nina bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya kuamuru vifaa), bodi yenye relei nne (swichi zinazoendeshwa na programu), kihisi joto cha DS18B20, elektrodi ya pH (kipimo cha uasidi wa maji), swichi ya boya na pampu ndogo ya kudondoshea dawa. Nataka ESP32 iendeshe hita ya wati 300 na pampu kuu, ijaze maji yanayopungua kutoka kwenye pipa la lita 60, na idondoshe dawa ya kupandisha pH kila inaposhuka chini ya 8.3. Thermostati ya hita, yaani swichi yake ya ndani inayoizima maji yakifika joto lililowekwa, nimeizungusha hadi juu kabisa ili isigombane na programu yangu. Mwenzangu anasema nitumie Raspberry Pi kwa sababu ina nguvu zaidi. Natarajia kusafiri wiki mbili na ningependa kila kitu kiwe tayari kabla ya hapo. Je, kuna nilichosahau?

JIBU: Ndugu yangu, ahsante kwa kueleza kila kitu hadi ukubwa wa pipa, umenirahisishia kazi. Unaogopa kwamba kuna kifaa umekisahau. Vifaa unavyo. Kilichokosekana kwenye mpango wako ni siku ambayo kidhibiti chenyewe kitaharibika, na siku hiyo ndiyo inayopaswa kuamua kila waya ufungwe wapi. Programu ikienda sawa, samaki wako hawataona tofauti kubwa na walivyoishi ulipokuwa unawahudumia kwa mkono. Watakaoona tofauti ni wale wa siku programu imeganda, kihisi kimekatika, au relei imeshikana.

Kabla ya kuandika msimbo wowote, chukua karatasi. Andika kila kifaa utakachokiunganisha, na mbele ya kila kimoja ujibu swali hili: bodi ikifa sasa hivi, nataka hiki kibaki kimewaka au kimezimwa?

Anza na pampu kuu, kwa sababu ndiyo inayoshika uhai wa tangi. Oksijeni huingia majini kupitia uso wa maji, na uso usiotikisika hupitisha kidogo sana. Samaki wanaweza kuvumilia giza, njaa ya siku kadhaa na baridi ya nyuzi mbili tatu, lakini maji ya vuguvugu yaliyosimama huweza kuwamaliza kwa saa chache. Basi jibu lako kwa pampu ni moja tu: ibaki inazunguka. Tazama bodi yako ya relei. Kila relei ina sehemu tatu za kufungia waya, zilizoandikwa COM, NC na NO. Relei ikiwa imelala, COM imegusana na NC; ikiamshwa, inahamia NO. Pampu kuu ifunge kwenye NC. Kwa namna hiyo relei inaamka pale tu unapotaka kuisimamisha pampu, kwa mfano wakati wa kulisha, na ESP32 ikizimika pampu haina habari nayo.

Hita, pampu ya kujaza maji na pampu ya dawa zifunge kwenye NO, ili bodi ikifa zizimike. Utauliza, je, samaki hawatapata baridi? Watapata kidogo, taratibu. Lita 200 za maji ya chumvi zinabeba joto jingi: ili zipande nyuzi 1 ya Selsiasi zinahitaji karibu kilojuli 820, na zikipoa huachia kiasi hichohicho kwa utaratibu uleule. Usiku mmoja bila hita mara nyingi ni jambo la kurekebishika asubuhi. Hita iliyokwama ikiwa imewaka ni habari nyingine. Wati 300 zikifanya kazi bila kukoma zitapandisha maji yako nyuzi 1 kila baada ya dakika 45 hivi mwanzoni, kabla joto linalopotelea hewani halijapunguza kasi. Ukiwa umelala kwa muda wa saa saba, fanya hesabu mwenyewe. Baharini, joto likizidi kile kiwango cha juu cha kawaida cha msimu kwa nyuzi 1 tu na likakaa wiki kadhaa, matumbawe huanza kupauka. Maji ya moto pia hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo samaki wanapigwa pande mbili kwa wakati mmoja.

Na hapa ndipo nisipokubaliana nawe kabisa kuhusu thermostati. Relei ni vigusio vidogo vya chuma. Kila vinapoachana huku umeme unapita, cheche huruka, na cheche hizo huvila hadi siku moja vinayeyukiana na kushikana. Relei iliyoshikana haisikii programu. Utaiambia zima, taa yake ndogo itazimika, utadhani imezima, na hita itaendelea kuwaka. Relei zisizo na vigusio, zile za semikondakta, nazo haziwezi kukuokoa, maana zinapoharibika mara nyingi hubaki zinapitisha umeme. Ndiyo maana thermostati iliyomo ndani ya hita ni rafiki yako. Umeme hupita kwenye relei yako kwanza, kisha kwenye thermostati, ndipo unafika kwenye waya wa joto. Zote mbili lazima zikubali ndipo hita iwake. Ni mlango wenye kufuli mbili. Iache programu ifanye kazi kati ya nyuzi 25.5 na 26, na uirudishe thermostati kwenye 27. Siku zote za kawaida haitafanya lolote, kwa sababu maji hayafiki huko, kwa hiyo hakuna ugomvi. Siku relei itakaposhikana, maji yatapanda hadi 27 na kusimama hapo.

Nikiwa kwenye hita: ningekushauri uiweke kando hiyo ya wati 300 na utumie mbili za wati 100, kila moja na relei yake. Moja ikikwama imewaka haina nguvu ya kulichemsha tangi zima, na moja ikifa, ya pili inalisukuma joto usiku huo. Umeona pia nimeacha nusu nyuzi kati ya kuwasha na kuzima? Pengo hilo usilifute. Ukiiambia programu iwashe chini ya 26 na izime juu ya 26, kihisi kitacheza huku na huku kwenye mpaka, na relei itabofya mamia ya mara kwa siku hadi ivifikishe vigusio kwenye kushikana kulekule tunakokukimbia.

Sasa kihisi. DS18B20 ni kihisi kizuri, kosa lake ni nusu nyuzi tu, na unaweza kuvifunga vingi kwenye waya mmoja wa data ukiweka rezista ya kilo-omu 4.7. Lakini kina tabia mbili ambazo kila mjenzi wa kidhibiti lazima azijue. Kinapoamka, kabla hakijapima, namba iliyomo ndani yake ni 85. Na waya wake ukikatika, maktaba ya programu inayotumiwa na wengi itakupa -127. Sasa fikiria programu iliyoandikwa kwa njia ya kawaida: ikiwa joto ni chini ya 25.5, washa hita. Hasi 127 ni chini ya 25.5. Kihisi kimekatika, programu imeamini bahari imeganda, na hita inawaka bila kikomo. Hapo bodi haijafa wala relei haijashikana. Kila kitu kimetii amri. Kwa hiyo sehemu ya programu inayosoma joto ianze kwa kukataa upuuzi: namba yoyote chini ya 15 au juu ya 35 si joto la tangi lako, ni hitilafu. Zima hita, piga king'ora. Vivyo hivyo namba ambayo haijabadilika hata chembe kwa saa nyingi, maana tangi lililo hai haliwi hivyo.

Weka vihisi viwili. Vikitofautiana zaidi ya nyuzi 1, hutajua kipi kinadanganya, lakini huhitaji kujua: kwa hita, amini kinachosoma joto kubwa zaidi, kisha uitwe. Viweke chini, mahali maji yanapopita, tena mahali ambapo usawa wa maji hauwezi kushuka ukaviacha nje. Kihisi kilichobaki hewani kinapima baridi ya chumba na kuiagiza hita iendelee. Tena, ile ala ya chuma cha pua inayokuja na vihisi vingi haipendi maji ya chumvi. Huota kutu baada ya muda, na chuma hicho kinaingia majini. Kivalishe mpira wenye gundi unaosinyaa kwa joto, mwisho uzibwe kwa silikoni isiyo na dawa ya kuvu. Shaba na shaba nyeupe zisiguse maji hata kidogo, kwa sababu kiasi kidogo sana cha shaba huua konokono, kamba na matumbawe.

Kujaza maji ndiko kunakomwaga sakafu za watu wengi, kwa hiyo nivumilie nikae hapa kidogo. Maji yanapokauka chumvi haiondoki, ndiyo maana tunajaza maji safi yaliyochujwa na si ya chumvi. Sema unapoteza lita 3 kwa siku. Pampu ya kujaza ikikataa kuwaka siku nzima, chumvi inapanda kutoka gramu 35 hadi 35.5 kwa kilo ya maji. Hakuna samaki atakayelalamika. Lakini pampu ikikataa kuzima na kumimina pipa lote la lita 60, chumvi itashuka hadi karibu 27, hata tukiacha kuhesabu yatakayofurika sakafuni, na konokono na matumbawe watapata mshtuko mkubwa. Kosa la kutokujaza na kosa la kujaza mno havina uzito sawa. Hivyo ulinzi wa kwanza si programu, ni ukubwa wa pipa. Tumia la lita 15. Likiingia lote kwa mkupuo chumvi itashuka hadi 32.5 hivi, si vizuri, lakini wengi watapona.

Ulinzi wa pili ni boya la juu. Swichi ya boya hukwamishwa na konokono, na hukwamishwa na chumvi inayoganda kwenye shina lake. Weka boya la kazi, kisha juu yake, sentimita chache, boya jingine lililofungwa moja kwa moja kwenye waya wa pampu, bila kupita kwenye ESP32. Pampu ya kujaza ikiwa ya volti 12 hilo ni rahisi na salama. Hakikisha tu swichi inaumudu mkondo wa pampu. Maji yakifika pale umeme unakatika, programu itake isitake. Ulinzi wa tatu ndio wa programu: jumlisha sekunde ambazo pampu imewaka ndani ya saa 24, na zikizidi mara mbili ya mahitaji ya kawaida, ifungie mpaka mtu aje kuifungua kwa mkono.

Angalia mpira wa maji pia. Ncha yake ikizama kwenye tangi la kuchujia na pipa likiwa juu zaidi, maji yataendelea kushuka yenyewe hata pampu ikizimwa, kwa mvuto tu. Ncha ibaki hewani juu ya maji, na pipa liwe chini ya usawa wa maji ya tangi hilo. Jambo jingine linalowapita wengi: umeme ukikatika, maji ya tangi la juu hushuka na kulijaza la chini, ukirudi, usawa wa chini hushuka ghafla kwa muda kabla ya kutulia. Boya litadhani maji yamekauka. Ipe programu dakika 10 za kusubiri baada ya kila kuamka na baada ya kila kusimamisha pampu kuu.

Kuhusu pH, ninakuomba uache kabisa mpango wa kudondosha dawa kila inaposhuka chini ya 8.3. Naelewa ulikotoka: umesoma kwamba maji ya bahari yana pH ya 8 na kitu, ukaona yako inashuka usiku, ukahisi ni hitilafu. Si hitilafu. Mchana mwani na matumbawe hufanya usanisinuru na kula kabonidayoksaidi iliyo majini; usiku usanisinuru unasimama, viumbe wote wanapumua tu, kabonidayoksaidi inajikusanya na pH inashuka. Tangi lenye afya linaweza kucheza kati ya 7.8 na 8.3 kila siku ya maisha yake. Chumba kilichofungwa chenye watu wengi nacho kitaishusha, kwa sababu hewa ya humo ina kabonidayoksaidi nyingi. Dawa za kupandisha pH huongeza ualkali, yaani uwezo wa maji kupinga uasidi, hazifukuzi kabonidayoksaidi. Kwa hiyo pH itapanda kidogo, itashuka tena, programu itadondosha tena, na ualkali utapanda siku baada ya siku hadi kalsiamu ianze kuganda kuwa chokaa kwenye pampu na hita zako. Ukitaka pH ya juu kidogo, fungua dirisha.

Na elektrodi yenyewe si shahidi wa kuaminiwa kwa kazi hiyo. Kwenye nyuzi 25 inatoa takriban milivolti 59 kwa kila pH moja, maana yake tofauti kati ya 7.9 na 8.3 ni milivolti 24 tu, tena kutoka kwenye kioo chenye ukinzani mkubwa mno. Umeme mdogo unaovuja kutoka kwenye pampu chakavu unatosha kuisogeza. Inahitaji bodi yake ya kukuza ishara iliyotenganishwa kiumeme na vifaa vingine; inahitaji kusawazishwa kwa bafa (myeyusho ambao pH yake inajulikana) za pH 7 na 10 kila mwezi au karibu na hapo; huchakaa kwa mwaka mmoja au miwili. Ikiwa nje ya tangi ihifadhiwe kwenye myeyusho wa kloridi ya potasiamu, kamwe si kwenye maji yaliyosafishwa. Iunganishe, chora grafu yake, ufurahie kuona tangi linavyopumua. Lakini kanuni yangu ni hii: kihisi cha pH kiruhusiwe kuzima kitu, kisiruhusiwe kuwasha kitu.

Pampu ya dawa basi ifanye nini? Kwa tangi lako, pengine isifanye lolote. Matumbawe laini hayajengi mifupa mizito, na kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara hurudisha ualkali na kalsiamu wanayotumia. Ukija kufuga matumbawe magumu, pima ualkali kwa mkono siku kadhaa, ujue unashuka kiasi gani, kisha uiagize pampu idondoshe kiasi hichohicho cha kila siku kwa kufuata ratiba ya saa, kimegawanywa vipande vidogo usiku na mchana. Hata hapo chupa iwe ndogo. Kwa lita 200, gramu 6 tu za sodiamu baikaboneti hupandisha ualkali kwa dKH 1 (dKH ni kizio cha kupimia ualkali), na zaidi ya hapo kwa siku moja ni haraka mno. Chupa ya nusu lita yenye gramu 40 ikimwagika yote kwa sababu relei imeshikana, umepandisha karibu dKH 7.

Mwenzako na Raspberry Pi yake: ana haki juu ya nguvu, lakini kazi hii haihitaji nguvu. Kuwasha hita kwa kulinganisha namba mbili ni kazi ya bodi ndogo kuliko zote. Raspberry Pi ni kompyuta kamili, yenye mfumo wa uendeshaji na kadi ya kumbukumbu inayoweza kuharibika umeme ukikatika wakati inaandika. Nzuri kwa grafu, kumbukumbu za miezi na kamera. Ipo hata programu huria iitwayo reef-pi iliyotengenezwa kwa ajili yake, na ukitaka kujifunza soma msimbo wake. Mimi ningeiacha ESP32 idhibiti, na kama unataka uzuri, Raspberry Pi ikae pembeni ikisikiliza tu. Wi-Fi ikipotea, kidhibiti kisijue hata kama imepotea. Maamuzi yote yafanyike ndani ya bodi, na saa iwe na betri yake, kama ile ya DS3231, ili taa zisichanganye usiku na mchana.

Mambo machache ya ESP32 yenyewe, kwa kuwa wewe ni mtu wa programu. Pini 0, 2, 5, 12 na 15 bodi huzitazama inapoamka, kwa hiyo usizifungie relei. Bodi nyingi za relei huamka pini ikishushwa hadi volti 0; tafuta inayokubali ishara ya volti 3.3, na uweke rezista ya kilo-omu 10 ya kuivuta kila pini juu ili relei zisibofye bodi inapojiwasha. Pini za ADC2, moja ya makundi mawili ya pini za kupimia volti, hazipimi Wi-Fi ikiwa imewashwa, na kipimo cha ndani cha bodi hiyo hakijanyooka; pH isome kupitia ADS1115, chipu ya nje ya kupimia volti. Halafu washa saa ya ulinzi, ile inayoianzisha bodi upya programu ikiganda, lakini uiguse mwishoni mwa mzunguko tu, baada ya vihisi kusomwa na relei kuamriwa. Ukiigusa kutoka kwenye kipima muda cha pembeni, programu itaganda huku saa ikiendelea kuamini mambo ni shwari.

Sasa umeme wa ukutani, na hapa sina mzaha. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno, na mikono yako itakuwa humo kila wiki. Kila kinachogusa maji kipite kwenye swichi ya kukata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30. Zikiwa mbili ni bora: hita upande mmoja, pampu kuu upande mwingine, ili hita ikivuja isiisimamishe pampu. Waya wa kila kifaa ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili matone yaanguke sakafuni badala ya kufuata waya hadi kwenye plagi. Sanduku la kidhibiti lisikae juu ya maji wala ndani ya kabati la tangi la kuchujia. Mvuke wa chumvi hupenya humo na kula njia za shaba kwenye bodi. Liweke pembeni, waya ziingilie chini.

Kama hujawahi kufunga umeme wa ukutani, usijifunzie hapa. Tengeneza upande wa volti ndogo mwenyewe, na upande wa ukutani utumie soketi zilizotengenezwa kiwandani ambazo bodi yako inaziamuru, au umwite fundi umeme mwenye leseni afunge sanduku la relei na kulikagua. Ukiwahi kuhisi mchonyoto mkononi unapogusa maji, toa mkono, kata umeme kwenye swichi kuu, na usirudishe mpaka fundi ameona kinachovuja. Kuna na njia ya katikati ambayo naona inakufaa: nunua kidhibiti joto kimoja kilichotengenezwa kiwandani, kisimamie hita peke yake, na vyote vingine ujenge wewe. Hita ndiyo yenye uwezo wa kuua tangi zima usiku mmoja, na si aibu kuikabidhi kwa kifaa kilichopimwa.

Safari yako ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu unataka kumaliza kisha uondoke. Geuza mpango. Kijaribu kwanza kwenye ndoo, si kwenye tangi. Weka kihisi kwenye barafu iliyopondwa yenye maji uone kama kinasoma karibu na 0. Kisha kiharibu kwa makusudi: chomoa kihisi, zima Wi-Fi, kata umeme na uurudishe, shikilia boya chini kwa kidole, ganda programu kwa mzunguko usio na mwisho. Kila mara tazama hita na pampu zimebaki katika hali gani, ulinganishe na karatasi uliyoiandika mwanzo. Baada ya hapo kiingize kwenye tangi kikiwa kinapima tu, bila kuamuru chochote, ulinganishe namba zake na kipimajoto cha kawaida. Kisha kipe taa kiziendeshe, kwa kuwa taa zikikosea hakuna anayekufa haraka. Hita baadaye. Kujaza maji mwisho.

Kama hatua hizo hazitakamilika kabla ya siku ya safari, ondoka ukiwa na hita yenye thermostati yake, pampu ikizunguka bila kupita kwenye relei, na kidhibiti kikipima na kukutumia taarifa tu. Maji ya kujaza ya pipa la lita 15 yatatosha siku 5, kwa hiyo kwa vyovyote utahitaji mtu apite kila siku tatu au nne. Mwonyeshe usawa wa maji kwa mstari wa kalamu kwenye kioo, mwachie chakula kimepimwa kwenye vifuko vya siku moja moja, mfundishe swichi kuu ya umeme iko wapi, na umwachie pampu ndogo ya hewa ya betri aiwashe umeme ukikatika. Akikuta samaki wote wamejikusanya juu wakitweta, awashe pampu hiyo kwanza, ndipo akupigie simu.